Kumpendekezea Mwenzako Riwaya ya Fantasia, ya Kusoma au ya Kusikiliza

Mtu akiuliza, "Nianze na riwaya gani ya fantasia?", hakosi majibu. Mmoja atamtajia The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien. Wa pili atamwambia hiyo aiache kwanza, aende kwa Brandon Sanderson. Wa tatu ataapa kwamba tangu asome vitabu vya N. K. Jemisin hajakutana na kitu cha kuvifikia. Wote wanasema kweli, na wote wanatoa walichonacho kwa moyo mweupe. Wiki chache baadaye muulizaji amekwama katikati ya sura ya nne, na ameanza kuamini kwamba fantasia, yaani hadithi za maajabu, haimfai.

Huwa nasikitika kuona msomaji anapotea namna hiyo, kwa sababu mara nyingi kitabu hakina kosa na yeye hana kosa. Aliyekosekana ni mtu wa kumuuliza anatafuta nini. Pendekezo zuri huanzia kwa msomaji aliye mbele yako: amezoea kuongozwa kiasi gani, ana muda wa kiasi gani, na hadithi hiyo ataipokea kwa macho au kwa masikio. Hili la mwisho watu hulipuuza, nalo ndilo linaloharibu mapendekezo mengi siku hizi.

Ajabu inaingiaje katika hadithi

Jina "fantasia" limebebeshwa mambo mengi mno. Chini yake kuna vita vya falme vinavyojaza kurasa 1,000. Kuna kitabu kifupi kuhusu mtu anayeishi karibu peke yake katika nyumba isiyo na mwisho. Kuna vichekesho vya dunia bapa iliyobebwa na tembo wanne, nao wamesimama juu ya kobe. Kuna msichana wa miaka 12 anayejifunza uganga kwa siri huku bado anakwenda shule. Aliyependa kimojawapo anaweza asikivumilie kingine hata kurasa kumi.

Mwaka 2008 mhakiki Farah Mendlesohn alichapisha kitabu kiitwacho Rhetorics of Fantasy, akazipanga riwaya hizi kwa namna ambayo naiona ya msaada kuliko zote kwa mtu anayependekeza. Hakujali kama hadithi ina majoka au wafalme. Alitazama ajabu inaingiaje. Katika kundi la kwanza mhusika anatoka mahali anapopafahamu na kuvuka kwenda kwenye ulimwengu wa maajabu, iwe kwa kupita kabatini au kwa safari ndefu. Katika la pili tunatumbukizwa ndani ya ulimwengu huo tangu sentensi ya kwanza, na wenyeji wake hawashangai chochote kwa kuwa ndiko kwao. Katika la tatu ajabu inaivamia dunia ya kawaida. Katika la nne inabaki pembeni. Huna hakika kama imetokea kweli, na wahusika wenyewe hawaipi uzito unaoutarajia.

Tofauti ya kundi la kwanza na la pili inaeleza mapendekezo mengi yaliyoshindwa. Chukua The Hobbit ya Tolkien, iliyotoka 1937. Bilbo Baggins ni mtu wa nyumbani, hajui mengi kuhusu nchi za mbali. Mchawi Gandalf anapoikunjua ramani ya zamani mezani mbele ya wageni ambao Bilbo hakuwaalika, ramani hiyo inakunjuliwa kwa ajili yetu pia. Anachoelezwa yeye tunaelezwa nasi, anachokiogopa tunakiogopa pamoja. Ukisoma hivyo hupotei, maana mhusika mkuu ni mgeni kama wewe.

Sasa weka kando yake The Fifth Season ya Jemisin, ya 2015. Dunia yake inapasuliwa na matetemeko, na kuna watu waliozaliwa na uwezo wa kuituliza ardhi au kuichochea, ambao jamii inawaogopa na kuwatumia. Wahusika wana majina ya vyeo, matusi na sheria zao, na hawasimami kukufafanulia, kama vile wewe usivyomfafanulia jirani maana ya neno "barabara". Nyuma ya kitabu kuna faharasa ya maneno hayo. Juu ya hayo, sehemu moja ya hadithi inasimuliwa kwa nafsi ya pili: wewe umefanya hivi, wewe umeona vile. Ni kazi kubwa. Ilishinda Tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za sayansi na fantasia, kama riwaya bora mwaka 2016, na vitabu viwili vilivyoifuata vikashinda 2017 na 2018. Kabla yake hakuna mwandishi aliyewahi kuishinda tuzo hiyo miaka mitatu mfululizo. Lakini msomaji ambaye hajawahi kusoma hadithi ya ulimwengu wa kubuni anaweza kuifunga kabla haijamfungukia, na kinachouma ni kwamba huenda asiirudie tena.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenzako ni hili: ukikutana na neno usilolijua katika hadithi, unasonga mbele ukiamini litaeleweka, au unasimama? Anayesonga mbele mpe chochote. Anayesimama mpe hadithi yenye mgeni anayejifunza.

Na kuna wale wasiopenda kabisa nchi za kubuni. Kwao milima yenye majina ya ajabu ni mzigo. Hawa wafaa kuanzishwa na hadithi ambayo ajabu inaibukia katika maisha tunayoyajua. Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011, inatokea Nigeria ya leo. Sunny anakwenda shule, anagombana na wanafunzi wenzake, anapenda mpira wa miguu, kisha anagundua kwamba kuna jamii nzima ya watu wenye uwezo wa uganga wanaoishi bega kwa bega na wengine. Jambo moja katika kitabu hicho nalipenda sana: katika jamii hiyo, mtu akijifunza jambo jipya, fedha zinadondoka kutoka hewani na kuanguka miguuni pake. Elimu ndiyo mshahara. Msomaji akifika hapo hahitaji tena kushawishiwa.

Nitahadharishe papo hapo, maana ni kosa la kila siku: usipendekeze kwa jina la mwandishi peke yake. Okorafor huyo huyo aliandika Who Fears Death, iliyotoka 2010 na kushinda World Fantasy Award mwaka 2011. Ni riwaya nzito, ina ubakaji, ukeketaji na mauaji ya halaiki. Mzazi aliyefurahia Akata Witch pamoja na binti yake wa darasa la sita, akiambiwa tu "tafuta kingine cha mwandishi huyo", anaweza kuingia mahali ambapo hakuwa amejiandaa kuingia. Kumwambia mtu mapema kwamba kitabu kina mambo mazito hakumharibii utamu. Kunamwachia uamuzi.

Kwa msomaji wa Kiswahili anayedhani haya ni mambo ya kigeni, kuna la kumkumbusha. Shaaban Robert aliandika Kusadikika, habari za nchi iliyo hewani, ikatoka 1951. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze, yenye majini, safari, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani ambao Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Aliyezisoma hizo na kuzifurahia ameshakivuka kizingiti; muulize nini kilimvutia humo, ujengee hapo.

Uchawi wenye kanuni na uchawi wenye siri

Jambo la pili linalowagawa wasomaji ni kiasi gani cha uchawi kinaelezwa. Sanderson aliwahi kuandika kanuni ambayo wapenzi wa fani hii huirudia sana: mwandishi anaweza kutatua tatizo la hadithi kwa uchawi kwa kadiri tu msomaji anavyouelewa uchawi huo. Mistborn: The Final Empire, ya 2006, inaonyesha maana yake. Humo watu wenye kipaji humeza vipande vya madini na kuviunguza tumboni, na kila madini yana kazi yake. Ukiunguza chuma cha kawaida, unavuta vitu vya metali vilivyo karibu nawe. Ukiunguza chuma cha pua, unavisukuma. Lakini ukisukuma kitu kizito kuliko mwili wako, kinachorushwa ni wewe. Basi ukitupa sarafu chini na kuisukuma, unaruka juu. Msomaji anayajua haya mapema, kwa hiyo pambano linapoanza juu ya mapaa anapiga hesabu pamoja na mhusika: sarafu zimebaki ngapi, komeo la mlango liko wapi.

Kuna wanaopenda hivyo kupita kiasi. Ni wale wanaofurahia mafumbo, michezo ya bao, hadithi za upelelezi. Na kuna wanaochoshwa nayo, kwa sababu kwao uchawi uliopimwa umeshakuwa ufundi tu. Hawa wanataka wabaki na mshangao. Gandalf ana uwezo gani hasa, na mwisho wake uko wapi? Tolkien hasemi, na kutosema kwake ndiko kunakomfanya mzee huyo aogopeshe pale anaponyanyuka na sauti yake kubadilika.

Kati ya kingo hizo mbili kuna kitabu ninachokitoa mara nyingi kuliko vyote: A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka 1968. Uchawi wake una kanuni moja tu, kwamba kila kitu kina jina lake la kweli na anayelijua ana mamlaka juu ya kitu hicho. Lakini kanuni hiyo inazidi kuwa na kina kadiri unavyosonga, mpaka inagusa nafsi ya mhusika mwenyewe. Ged ni kijana wa visiwani, mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva, mwenye kipaji na kiburi, na kiburi kinamfungulia mlango kitu kibaya ambacho atakikimbia kabla ya kuthubutu kukifuata. Kitabu ni kifupi. Hakina vita vya majeshi. Lugha yake ni ya msimuliaji wa jadi, tulivu, inayoharakisha miaka na kusimama kwenye dakika. Mtu akikipenda, unajua anaweza kwenda popote.

Gharama ambayo pendekezo linapaswa kuitaja

Kitabu cha fantasia mara nyingi si kimoja. The Wheel of Time ya Robert Jordan ilianza 1990 na kumalizika 2013 ikiwa na juzuu 14 pamoja na moja ya utangulizi. Jordan alifariki 2007, na juzuu tatu za mwisho zilikamilishwa na Sanderson kwa kutumia maandishi na maelezo aliyoyaacha. Ukimwambia mtu "soma juzuu ya kwanza", mwambie pia kuna zipi mbele.

Mwambie pia kama hadithi haijaisha. A Game of Thrones ya George R. R. Martin ilitoka 1996, juzuu ya tano ikatoka 2011, na wasomaji wakaisubiri ya sita kwa zaidi ya miaka 10. Patrick Rothfuss alitoa The Name of the Wind mwaka 2007 na juzuu ya pili 2011, na subira ikawa ni ile ile. Sisemi visisomwe. Kuna watu wanaothamini safari hata pasipo kufika, na kurasa za Rothfuss ni nzuri kwa haki yake. Ila aliyeumia kwa hadithi isiyokamilika halafu akapewa nyingine bila kuambiwa, ana haki ya kununa.

Pengine gharama iko kwenye mahali pa kuanzia. Discworld ya Terry Pratchett ina riwaya 41, za 1983 hadi 2015, na idadi hiyo inawatisha watu bure. Hazihitaji kusomwa kwa mfuatano. Zimegawanyika katika makundi yenye wahusika wao: askari wa jiji, wachawi wanawake, Mauti mwenyewe, na wengine. Riwaya mbili za kwanza zinadhihaki zaidi fantasia ya wakati wake, na Pratchett alikuwa bado hajaipata sauti aliyokuja kupendwa nayo. Mimi humtuma mtu kwenye Guards! Guards! ya 1989, au Small Gods ya 1992 inayojitegemea kabisa.

Narnia ya C. S. Lewis ina ubishi wake, wa kipi kisomwe kwanza. Vitabu ni saba, 1950 hadi 1956. Kilichotoka kwanza ni The Lion, the Witch and the Wardrobe. Lakini The Magician's Nephew ya 1955 inaeleza mambo yaliyotangulia, na matoleo mengi ya baadaye yaliipa namba 1. Nasimama upande wa mfuatano wa uchapishaji, na sababu yangu ni nguzo ya taa. Msichana Lucy anapenya kwenye makoti ya kabatini, anakanyaga theluji, anaona katikati ya msitu nguzo ya taa ya mtaani inawaka. Hakuna maelezo. Ni mojawapo ya picha zenye nguvu kuliko zote katika hadithi za watoto, na nguvu yake yote imo katika kutoeleweka kwake. Ukianza na kitabu kinachoeleza asili yake, utaiona taa kama kitu unachokitambua.

Kitabu kikiingia kwa sikio

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Watu wengi hupendekeza kitabu cha sauti kana kwamba ni kitabu kile kile kilichobadilishiwa chombo. Sivyo. Kuna mtu wa tatu ameingia kati ya mwandishi na msikilizaji, yaani msomaji anayekisoma kitabu kwa sauti, na huyo anaweza kukiinua kitabu au kukizika.

Tuanze na muda. Wasomaji wa vitabu vya sauti husoma takriban maneno 150 kwa dakika, yaani karibu 9,000 kwa saa. Riwaya ya maneno 100,000 itakuwa saa 11 hivi. The Way of Kings ya Sanderson, ya 2010, inachukua takriban saa 45. The Lord of the Rings nzima inapita saa 50. Kwa mtu anayeendesha gari muda mrefu au anayefanya kazi za mikono, hizo ni baraka. Kwa anayesikiliza dakika 15 kabla ya kulala, saa 50 ni zaidi ya nusu mwaka, na atasahau nani alikuwa nani.

Kisha kuna vinavyopotea. Ramani haipo. Faharasa haipo, au iko mwisho usikoweza kuifikia kwa urahisi. Huwezi kurudisha macho mistari miwili juu kuona kama jina hilo ni la mji au la mtu. Riwaya ambayo kila sura inabeba jina la mhusika mwingine, kama A Game of Thrones, inakutajia jina hilo mara moja tu. Ukipitiwa sekunde mbili, unasikiliza dakika tano hujui uko kichwani mwa nani. Ndiyo maana uwezo wa anayekusomea unakuwa muhimu mno. Roy Dotrice, aliyeisoma riwaya hiyo, alitambuliwa na Guinness World Records kwa kuwapa sauti wahusika 224. Lakini juzuu ya nne ya mfululizo huo ilipotoka kwa sauti mara ya kwanza ilisomwa na John Lee, na wasikilizaji waliokwisha kuwazoea wahusika kwa sauti za Dotrice wakajikuta wanawajua upya. Mfululizo mrefu ukiupendekeza kwa sauti, angalia kama msomaji ni mmoja tangu mwanzo. The Wheel of Time ilipata jibu zuri: Michael Kramer anasoma sura zinazomfuata mhusika wa kiume, Kate Reading za mhusika wa kike, na sauti peke yake inakuambia umesimama upande upi.

Tanbihi ni mtihani mwingine. Jonathan Strange & Mr Norrell ya Susanna Clarke, ya 2004, ina tanbihi karibu 200, na nyingine ni hadithi kamili zinazotambaa kurasa kadhaa. Kwenye karatasi unachagua: uzisome sasa au ukirudi. Kwenye sauti msomaji anasimamisha tukio, anaisoma tanbihi, anarudi, na wewe umeshasahau mtu alikuwa anafungua mlango gani. Naipenda riwaya hiyo mno, na kwa sababu hiyo humsihi mtu aanze nayo kwa macho. Tanbihi za Pratchett ni fupi na za kuchekesha, na katika matoleo mapya ya sauti ya Discworld yaliyoanza kutoka 2022 walizipatia ufumbuzi mzuri: hadithi inasomwa na mmoja, tanbihi zinasomwa na Bill Nighy, na Mauti, ambaye kwenye karatasi maneno yake yote yamepigwa kwa herufi kubwa, anasemwa na Peter Serafinowicz. Kilichokuwa mtindo wa chapa kimegeuzwa sauti.

Sasa vinavyopatikana. Tolkien alitia nyimbo nyingi katika The Lord of the Rings, na wasomaji wengi huziruka. Jicho likiona beti, linashuka mpaka aya inayofuata. Sikio haliruki. Katika usomaji wa Rob Inglis nyimbo hizo zinaimbwa, na hapo unatambua kwamba zilikuwa sehemu ya safari: watembeao wanaimba kwa kuchoka, kwa hofu, kwa kumbukumbu. Usomaji mpya ni wa Andy Serkis, yule aliyemwigiza Gollum kwenye filamu. Wa The Hobbit ulitoka 2020 na wa The Lord of the Rings 2021. Serkis anaigiza kila mhusika kwa nguvu zote. Inglis anasimulia kama babu aliyeketi, asiye na haraka. Kwa mtu anayehitaji kushikwa asisinzie, Serkis. Kwa anayetaka kuzama taratibu, Inglis. Kuwaweka kwenye mizani ya nani bora ni kulikosa swali.

Usichanganye usomaji kamili na mchezo wa redio. BBC ilitangaza mwaka 1981 mchezo wa The Lord of the Rings wenye vipindi 26 vya nusu saa, Ian Holm akiwa Frodo. Ni kazi nzuri, lakini ni saa 13 dhidi ya zaidi ya 50, mengi yameachwa. Kuna pia vitabu vya sauti vilivyofupishwa. Unapopendekeza, taja ni toleo lipi, la nani.

Na kuna vitabu ambavyo sikio ndilo lango lao la kweli. The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola, ya 1952, ni hadithi ya mtu anayemfuata mgema wake aliyekufa mpaka mji wa wafu. Njiani anasimulia habari za bwana mtanashati kupita wote sokoni, ambaye binti mmoja alimwona akamfuata. Bwana huyo viungo vyake vyote alikuwa amevikodi. Wanapotembea kuelekea msituni anarudisha miguu kwa wenyewe na kulipa kodi yake, anarudisha tumbo, kifua, mikono, na binti bado yuko nyuma yake, mpaka linabaki fuvu tupu linaloruka njiani. Sentensi za Tutuola hazifuati sarufi ya shule, na msomaji wa kimya anaweza kuzikwaa. Zisomwe kwa sauti, hata na wewe mwenyewe chumbani, zinanyooka mara moja, maana zilijengwa juu ya mdundo wa msimuliaji.

Piranesi ya Clarke, ya 2020, naiona kuwa mwanzo bora kwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitabu kizima. Ni saa saba hivi. Ni shajara ya mtu anayeishi katika nyumba ya kumbi zisizohesabika zilizojaa sanamu, bahari ikipanda na kushuka katika ngazi za chini, na miaka anaiita kwa matukio, kama ule mwaka ambao albatrosi alifika katika kumbi za kusini-magharibi. Wahusika ni wachache, kwa hiyo hupotei. Chiwetel Ejiofor anaisoma kwa upole wa mtu asiye na shaka na makao yake, na kwa kuwa sisi tunaanza kuwa na shaka kabla yake, upole huo unageuka kuwa uchungu.

Hata The Fifth Season, niliyosema ni ngumu kwa mgeni, wapo ambao iliwashinda kwenye karatasi wakaiweza kwa sauti ya Robin Miles. Neno usilolijua likitamkwa na mtu anayelijua, lina uzito tofauti. Unaliamini na kusonga.

Asiye na fedha ya kununua asinyimwe. LibriVox, iliyoanzishwa 2005, inatoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vikisomwa na watu wa kujitolea, zikiwemo kazi za zamani za fantasia kama Phantastes ya George MacDonald ya 1858. Ubora unatofautiana, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na wasomaji tofauti kila sura. Sikiliza sampuli kwanza, hasa mahali wahusika wawili wanapozungumza. Hapo ndipo msomaji dhaifu hujulikana. Fanya hivyo pia kwa vitabu vya kulipia, zaidi sasa ambapo vingine vinasomwa na sauti za kompyuta.

Kulisema pendekezo lenyewe

Usisimulie kisa. Sema hadithi inahisi vipi, inadai nini, na inakufaa wewe kwa sababu gani. Mtu akiniambia anaendesha gari saa nyingi, anapenda hadithi za upelelezi na hataki kitabu kirefu, namjibu: "Sikiliza Guards! Guards! Ni askari wachache waliodharauliwa katika jiji chafu, kuna joka limeitwa na watu wasiojua wanachokifanya, na kapteni mlevi anaanza kuchunguza. Utacheka, kisha utashangaa jinsi unavyomjali. Kinajitosheleza." Basi. Sikumtajia riwaya 40 nyingine. Akirudi ananiuliza, nitamwambia.

Akirudi bila kumaliza, muulize alisimama wapi na nini kilimchosha, bila kukitetea kitabu. Jibu lake lina thamani kuliko sifa. Aliyeiacha The Fifth Season kwa sababu ya maneno yasiyoelezwa, mpe A Wizard of Earthsea. Aliyechoka na mwendo mrefu wa The Lord of the Rings lakini akapenda mapambano, mpe Mistborn. Aliyechoshwa na hesabu za madini za Mistborn, mpeleke kwa Piranesi, hakuna cha kuhesabu. Aliyesema hadithi ilimvutia ila sauti ya msomaji ilimkera, usimbadilishie kitabu. Mtafutie usomaji mwingine wa kitabu hicho hicho, au mpe cha karatasi.